Tupike Chumvi, Tusipike Majibu

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri. Nikiwa mwaka wa pili nilipika data. Sikuiba mtihani, wala sikumlipa mtu aniandikie ripoti. Nilifuta namba moja kwenye daftari la maabara, nikaandika nyingine, nikapata alama 8 kati ya 10, nikaenda zangu kula. Wengi wenu mtauliza: sasa hapo kosa liko wapi? Ndiyo maana naandika. Tumefika mahali swali hilo tunaliuliza bila aibu.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza kloraidi ya kobalti. Hata kama husomi kemia, umewahi kuisikia. Kwenye biolojia ya sekondari kuna ile karatasi ya bluu inayobanwa kwenye jani, baada ya muda inageuka rangi ya waridi, na mwalimu anasema: mnaona, jani linatoa maji. Karatasi ile imelowekwa kwenye chumvi hii kisha ikakaushwa. Ikiwa kavu ni ya bluu, ikipata unyevu inakuwa ya waridi. Nasema "mnaona", lakini tuwe wakweli, wengi wetu hatukuona kitu. Tulikariri "bluu kwenda waridi", tukaandika kwenye mtihani, tukapata alama yetu.

Kwa hiyo mimi nilifurahi sana siku ile tulipoambiwa tutaitengeneza wenyewe. Maelekezo hayakuwa magumu. Unapima gramu 2.00 za kaboneti ya kobalti, unaweka kwenye bika, unadondoshea asidi ya haidrokloriki kidogo kidogo. Inachemka kwa mapovu, hiyo ni kabonidayoksaidi inatoka, na unga unaanza kupotea. Unapobaki na kimiminika chekundu cha kupendeza, unachuja kuondoa mabaki, halafu unakivukiza taratibu juu ya maji ya moto. Hapo utaona jambo la kwanza la ajabu: kadiri maji yanavyopungua na joto linavyopanda, wekundu unaanza kuelekea zambarau na bluu. Ukikiacha kipoe, rangi inarudi, na fuwele za waridi iliyokolea zinajitokeza. Unachuja, unazikausha kwa karatasi, unapima uzito.

Hesabu yake ni tamu kuliko nyingi. Moli moja ya kaboneti ya kobalti ina gramu 118.94. Moli moja ya fuwele za kloraidi ya kobalti, pamoja na molekuli 6 za maji zilizomo ndani yake, ina gramu 237.93. Ni mara mbili kamili, karibu. Maana yake gramu zako 2.00 zikigeuka zote, kiwango cha juu kabisa unachoweza kupata ni gramu 4.00.

Mimi nilipata 4.60.

Nilipima mara mbili. Nikamwita mwenzangu wa kundi naye akapima. Gramu 4.60, yaani asilimia 115 ya kile kinachowezekana. Mwenzangu akacheka, akasema, "Mwanangu, hiyo 115 unaipeleka wapi? Andika tatu nukta sita tukale." Kwa nini 3.6? Kwa sababu kulikuwa na desa. Ripoti ya waliotutangulia ilikuwa inazunguka kwenye simu zetu, nayo ilisema gramu 3.6, asilimia 90. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na alama kwa atakayepata kati ya asilimia 80 na 95. Nikaandika 3.58, ili isifanane mno na desa. Nilipotazama ripoti za makundi mengine wiki iliyofuata, zilikuwa 3.55, 3.6, 3.62. Darasa zima tulikuwa mafundi wa ajabu.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Ile 4.60 haikuwa uongo. Mizania haikunionea. Siku ile fundi sanifu wa maabara alipita mezani kwetu, akazitazama fuwele zangu, akasema tu, "Hizo bado mbichi, mwanangu." Sikumsikiliza, nilikuwa na njaa. Lakini maneno yake matatu yalikuwa na kemia yote niliyoihitaji. Kloraidi ya kobalti hupenda maji. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi kama hii yetu ya pwani, fuwele zake hunyonya unyevu zikalowana zenyewe hata baada ya kuzikausha kwa karatasi. Nilikuwa nimepima chumvi pamoja na maji ya ziada, basi.

Na ningeweza kuthibitisha. Fuwele zilizo safi, ukizipasha moto mpaka zitoe maji yote 6 na kubaki unga wa bluu, hupoteza asilimia 45.4 ya uzito wake. Kwa hiyo ningechukua gramu 1.00 ya fuwele zangu, nikaipasha moto kwa uangalifu ndani ya kabati la kuvutia hewa chafu, nikapima kilichobaki. Kama fuwele ni kavu, zinabaki gramu 0.55 za unga wa bluu. Zikibaki 0.44, najua kwamba sehemu ya kile nilichokiita chumvi yalikuwa maji tu, na kwa hesabu ya mistari miwili nazijua gramu halisi za chumvi niliyotengeneza. Jaribio la nusu saa. Lingenifundisha juu ya maji ya fuwele, juu ya unyevu, juu ya kukausha, na juu ya kile karatasi ya sekondari ilichokuwa ikituonyesha tangu mwanzo. Yote hayo niliyabadilisha kwa 3.58.

Kuna linalochekesha zaidi. Ile asilimia 90 ya kwenye desa ndiyo ilipaswa kutiliwa shaka! Kloraidi ya kobalti huyeyuka sana kwenye maji. Kwenye maji ya nyuzi 20, mililita 100 hubeba zaidi ya gramu 50 za chumvi kavu ya bluu. Piga hesabu: gramu 4.00 zote za fuwele zetu zinaweza kuyeyuka kwenye maji mililita 5, kijiko kimoja cha chai. Basi mtu anayezichuja fuwele na kumwaga kimiminika kilichobaki, kama maelekezo yalivyosema, anamwaga na chumvi yake humo. Ili upate asilimia 90 ni lazima kimiminika kilichobaki kiwe matone machache tu. Kundi moja linaweza kufanikiwa hivyo. Darasa zima, haiwezekani. Mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu siku ile angerudi na asilimia 50, au 60, au 115 kama mimi, na sababu yake ingekuwa wazi. Lakini hakuna aliyeshtuka, kwa sababu wote tulikuwa tunatafuta namba iliyotarajiwa, na tuliipata.

Mwaka wa tatu ndipo habari hii ilinirudia kwa uzito. Tulifika kwenye kozi ya metali za mpito, na somo likaanza na ugomvi wa watu wawili juu ya hizi hizi chumvi za kobalti.

Chukua kloraidi ya waridi, iongezee kloraidi ya amonia na amonia yenyewe, kisha haidrojeni peroksaidi ili kobalti ipoteze elektroni moja zaidi. Ukiweka na mkaa ulioamilishwa, utapata chumvi ya njano ya machungwa yenye amonia 6 kwa kila kobalti moja. Usipoweka mkaa, ukamalizia kwa asidi ya haidrokloriki na joto, utapata ya zambarau yenye amonia 5. Zipo pia zenye amonia 4. Zote zina klorini 3 kwa kila kobalti, lakini tabia zake zinatofautiana. Ukiweka nitreti ya fedha kwenye ile ya njano, klorini zote 3 zinashuka kama mashapo meupe. Kwenye ya zambarau zinashuka 2. Kwenye yenye amonia 4 inashuka 1 tu. Hizo nyingine zimejificha wapi?

Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu aliyezijua chumvi hizi kuliko wengi alikuwa Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, Denmark. Alizitengeneza kwa miaka mingi, akazisafisha, akazipima. Yeye aliamini kwamba molekuli za amonia zimeshikana kama shanga kwenye uzi. Mwaka 1893 akatokea kijana wa miaka 26, Alfred Werner, akasema hapana: kobalti ipo katikati, imezungukwa na nafasi 6, na kilichomo kwenye nafasi hizo kimeshikwa kwa nguvu. Klorini iliyo ndani ya duara haitoki kirahisi, iliyo nje inashuka na fedha. Hapo fumbo likafunguka.

Lakini Werner alipoandika hayo, hakuwa ametengeneza chumvi hizo nyingi kwa mkono wake. Kwa sehemu kubwa alisimama juu ya kazi ya Jørgensen, mpinzani wake. Jørgensen alikuwa amekosea nadharia, ila namba zake zilikuwa za kweli. Hata alipotengeneza chumvi ya iridiamu yenye amonia 3 na klorini 3, ambayo kwa nadharia yake ilipaswa kutoa klorini na haikutoa, aliandika hivyo hivyo alivyoona. Na Werner naye alikuwa na deni: nadharia yake ilidai kwamba chumvi yenye amonia 4 lazima iwe na sura mbili, ya kijani na ya zambarau. Ya kijani ilijulikana. Ya zambarau hakuna aliyeipata mpaka mwaka 1907, Werner alipoitengeneza. Jørgensen alipoona ushahidi huo alikubali kwamba ameshindwa. Mwaka 1913 Werner akapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia.

Hebu fikiria Jørgensen angekuwa mmoja wetu. Anaona klorini ya iridiamu haishuki, nadharia inasema ishuke, muda umekwenda, mwenzake anamwambia "andika imeshuka, tukale". Anaandika. Werner angekuja kuchota kwenye kisima chenye sumu. Mzee yule wa Copenhagen alishindwa kwenye hoja, lakini kemia nzima ya metali za mpito tunayoisoma leo imejengwa juu ya daftari lake. Mimi nilipata "jibu sahihi" na daftari langu halimfai mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Najua utetezi wetu, maana nimeutumia. Wa kwanza: alama. Karatasi inayotoa alama kwa asilimia 80 hadi 95 inamwadhibu mkweli. Hili ni kweli, na nasema wazi kwamba si wanafunzi peke yetu wenye kosa. Ukimlipa mtu kwa namba, atakuletea namba. Wapo wahadhiri wanaosema kwa mdomo kwamba wanataka ukweli, huku karatasi yao ya kusahihishia inasema vingine.

Wa pili: kemikali hazitoshi na sisi ni wengi. Hili nalo ni kweli. Watu wanane kwenye bika moja, mmoja anadondosha asidi, wawili wanatazama, watano wapo kwenye simu. Chupa ya kobalti inaagizwa kutoka mbali kwa bei kubwa, wakati sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kwa jirani zetu wa Congo, upande wa Kolwezi. Inauma, lakini ndivyo ilivyo leo.

Wa tatu, na ndio unaonisumbua zaidi: "Hii ni mazoezi tu. Nikiajiriwa nitakuwa makini." Jamani, mkono hauzoei namna hiyo. Mkono uliozoea kurekebisha 4.60 iwe 3.58 utafanya vivyo hivyo kwenye maabara ya maji, pale kipimo cha floraidi ya kisima cha kijiji kitakapotoka namba isiyotarajiwa na gari la kurudi mjini linapiga honi. Utafanya vivyo hivyo kwenye kipimo cha dawa. Na wengi wetu tutakuwa walimu. Utasimama mbele ya kidato cha pili, karatasi ya kobalti mkononi, imekaa kabatini na unyevu umeshaiharibu, tayari ni ya waridi kabla hujaigusisha jani. Utajua la kufanya? Unaipitisha karibu na joto dogo mpaka irudi bluu, unaanza upya. Aliyewahi kuiona chumvi ile ikigeuka kwa macho yake anajua. Aliyedesa atawaambia watoto, "Tuseme imegeuka, andikeni." Na wao watakuja hapa chuoni wakiwa wameshazoea.

Basi nina mambo manne ya kupendekeza, na ninaomba serikali yetu ya wanafunzi iyabebe kwenda idarani, kwa heshima, kama hoja ya kitaaluma.

Moja, alama za kiasi cha zao zifutwe. Zipelekwe kwenye maelezo. Aliyepata asilimia 115 akaonyesha kwamba ni maji, apate alama kuliko aliyepata 90 asiyejua kwa nini. Hii haihitaji hata shilingi moja.

Mbili, daftari la maabara liandikwe kwa kalamu ya wino, na lisainiwe na fundi sanifu au msimamizi kabla hatujatoka. Ukikosea, unapiga mstari mmoja, namba ya zamani ionekane. Tutalalamika wiki mbili, kisha tutazoea.

Tatu, kila mwanafunzi akabidhi chumvi yake ndani ya kijichupa chenye jina na uzito. Huwezi kudesa fuwele. Msimamizi akichukua vijichupa vitatu bila kuchagua na kuvipasha moto kuangalia maji, atajua nani alikausha na nani aliandika.

Nne, tupunguze kipimo badala ya kupunguza watu. Gramu zile 2.00 za kundi zinatosha watu kumi, kila mmoja na gramu yake 0.20 kwenye neli ya majaribio. Atatarajia gramu 0.40 zisizozidi, na mizania yenye desimali mbili inamtosha. Kuna faida nyingine: kloraidi ya kobalti ni sumu, na Ulaya imeorodheshwa miongoni mwa kemikali zinazosababisha saratani, hasa vumbi lake likivutwa. Ndiyo maana vile vipakiti vya kukaushia unyevu vilivyokuwa na chembe za bluu sehemu nyingi vimebadilishwa kuwa vya rangi ya machungwa. Chumvi kidogo ni hatari kidogo na taka kidogo. Na taka zenyewe ziende kwenye chupa yake, si kwenye sinki kama tulivyofanya sisi.

Wahadhiri wetu nao nawaomba kitu kimoja. Shikamooni kwanza. Mkiona darasa zima limeleta namba moja, msifurahi. Tuulizeni. Siku ile mtu mmoja angeuliza tu, "Kile kimiminika mlichomwaga kilikuwa na chumvi kiasi gani?", wote tungeumbuka, na wote tungejifunza.

Kwa upande wangu, mwezi uliopita nilirudi maabara. Nilimwendea fundi sanifu yule yule, nikamweleza kisa chote, akacheka sana. Akanipa gramu 0.20 na neli moja. Nilivukiza, nikapoza, nikachuja, nikakausha kwa siku mbili ndani ya chombo cha kukaushia. Nikapata gramu 0.23, asilimia 58. Nimeiandika hivyo kwa wino. Nyingine ilibaki kwenye kimiminika, na nilikivukiza mpaka kikauka ili nijiridhishe: ilikuwemo, ya bluu, imeganda chini ya bakuli. Nilipoiacha mezani kwa muda, ikaanza kugeuka waridi pembeni, taratibu, kwa unyevu wa hewa yetu. Nilikaa nikaitazama mpaka ikaenea yote. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kitu nilichokijibu kwenye mtihani nikiwa na miaka kumi na sita.